Rafiki Yangu Ana Mtoto Mwenye Pasipoti Mbili

Mama mdogo,

Kabla hujaendelea, funga mlango. Kama unaisoma hii ukiwa kwenye ndege na hakuna mlango wa kufunga, geukia dirisha. Nakuomba sana, maneno yote yaliyo humu yabaki kati yetu wawili. Usimsomee mama yako. Usimsomee mwalimu wako mpya. Na zaidi ya wote usimsomee bibi yako, Cucu, hata akikuuliza kwenye simu kwa ile sauti yake ya kuita kuku jioni. Mimi ni karani wa masijala. Kazi yangu ni kupokea barua za watu, kuzigonga muhuri wa IMEPOKELEWA na kuziweka kwenye faili, kwa hivyo najua barua ikishatoka mkononi inaweza kusomwa na nani. Hii sijaitolea nakala. Nitaiweka ndani ya soksi ya kijivu ya kushoto, kwa sababu hapa nyumbani huvai soksi mpaka ulazimishwe, na huko baridi itakulazimisha.

Naandika nikiwa jikoni kwa Cucu. Wewe uko nje unawaaga mbuzi, mmoja mmoja, kwa majina. Cucu anapanga sanduku lako upya. Ameweka unga wa uji chini ya nguo, mimi nimeutoa, yeye ameurudisha, na sasa ameukalia. Mambo ya mswaki, koti, sala ya chakula na kumsaidia mama yako kuosha vyombo ameshakuambia, na hivi sasa anakuambia tena kupitia dirishani. Sitayarudia. Mimi nataka kukueleza habari za zile pasipoti zako mbili, na kwa nini baba yako, mtu mzima mwenye digrii, amekuwa akikuficha tangu ukiwa mtoto mchanga.

Nianze mwanzo ili usipotee. Mimi na mama yako, Karimi, tulioana tukiwa wadogo, tukiwa tumetoka tu chuoni. Miezi michache baadaye akapata nafasi ya kusomea uuguzi Marekani, akaondoka bila kujua kwamba nawe ulikuwa safarini. Ulizaliwa huko. Nchi ile ina sheria rahisi: ukizaliwa kwao, wewe ni wao. Wakakupa pasipoti kabla hujaota jino. Lakini mama yako alikuwa anasoma mchana na kufanya kazi usiku, na mtoto hawezi kulelewa na mtu asiyelala, kwa hivyo alikuleta nyumbani kabla hujaanza kutembea, akakaa siku chache, akarudi peke yake. Watu watakuambia mimi na yeye tuligombana. Hatukuwahi. Tulichakaa kwa simu, polepole, kama betri. Kwako wewe hakuna aliyechakaa.

Ulipofika, Cucu alikupa jina lake, Wawira, kama desturi ya hapa Embu inavyotaka: binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba. Ndiyo maana nakuita mama. Nadhani mimi ndiye karani pekee katika kaunti hizi mbili, Embu kwetu na Meru ninakofanya kazi, anayemwandikia barua mama yake aliye gredi ya nne.

Jumamosi ya kwanza wanawake wa hapa Kianjokoma walikuja kukuona, kama wanavyokuja kumwona mtoto yeyote aliyeingia katika boma. Walikuja wakiimba, kuni mgongoni, ndizi, uji kwenye vibuyu. Kulikuwa na mzigo mmoja wa kuni mbichi. Ulipowekwa mekoni, moshi ulijaa hadi watu wakalia machozi, na waliochelewa walipofika wakadhani kuna msiba. Zikumbuke hizo kuni. Tutazirudia.

Mimi sikuwa jikoni siku hiyo. Nilikuwa chumbani na pasipoti yako, nikiisoma ukurasa kwa ukurasa jinsi watu wengine wanavyosoma gazeti. Ndipo nikauona muhuri. Afisa wa uwanja wa ndege alikuwa ameona mtoto mwenye pasipoti ya Marekani, akafanya anavyofanya kwa Wamarekani wote. Aligonga: mgeni, miezi mitatu. Mama yako hakuwa ameona, alikuwa anakubadilisha nepi.

Mtu mwingine angecheka. Lakini mimi nilikuwa nimeajiriwa masijala mwaka ule ule, na kitu cha kwanza walichonifundisha ni kwamba muhuri haubishani na mtu. Jambo likishagongwa, limegongwa. Nje walikuwa wanakuimbia kwamba umefika kwenu, na mimi ndani nimeshika karatasi inayosema una miezi mitatu.

Miezi mitatu ikaisha. Ulikuwa umeota meno mawili na, kwa hesabu yangu, ulikuwa mkaaji haramu katika nyumba ya bibi yako.

Ningeuliza mtu. Najua. Lakini niliogopa kwamba nikiuliza watajua, na wakijua watakuja kukuchukua wakurudishe kwenu, na kwenu kwenyewe ni hapa. Basi nikanyamaza na kuanza kukuficha.

Chifu alikuja siku moja kuuliza habari za miche ya miti. Ulikuwa unakaribia miaka miwili. Mimi nilimwona akiwa bado kwenye kona ya barabara, nikakutia ndani ya kikapu cha majani chai na kukufunika majani juu. Ulifurahi sana. Chifu akakaa, akanywa chai, akasifu ng'ombe, na kila aliposema neno nilikuwa naangalia kikapu. Kisha kikapu kikapiga chafya. Chifu akakitazama kwa muda, akasema kwamba chai ya msimu huu ina mafua, akaaga. Alipotoka Cucu akakuvuta nje kwa kwapa, akanigeukia.

"Kwa nini unamficha mtoto kama pombe ya chang'aa?"

"Mama, huyu mtoto muda wake uliisha," nikasema.

"Muda wa nini? Kwani ni maziwa?"

Nilijaribu kumweleza kuhusu muhuri. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia niende nikakamue ng'ombe.

Ulipofika umri wa shule, mwalimu mkuu aliomba cheti cha kuzaliwa. Nilimpa kile cha Marekani nikiwa nimekikunja ili sehemu ya juu isionekane. Akajaribu kukikunjua, nami nikakishika upande wangu, akavuta, nikashika, mpaka akaniuliza kama nataka mtoto asome au sitaki. Alipokisoma alisema tu, "Kumbe Wawira ni wa mbali," akaandika jina lako kwenye daftari. Hakupiga simu polisi. Nililala macho wiki nzima nikisubiri apige.

Mambo haya mawili unaweza kuyacheka, mimi mwenyewe siku hizi nayacheka. Yanayofuata ni yale ambayo sijayazoea.

Kila ulipoomba nikupeleke Meru uone ninapofanya kazi, nilikuambia Meru inatengenezwa. Uliamini. Uliwaambia wenzako kwamba mji wote wa Meru umevuliwa mabati. Ukweli ni kwamba kati ya Embu na Meru kuna vizuizi vya polisi, na mimi nilikuwa najiona nikishushwa kando ya barabara na askari ananiuliza, na huyu mtoto ni wa nani, na mimi nashindwa kujibu. Mtoto wangu. Nilikuwa najiona nashindwa kujibu hilo.

Na ile safari ya shule ya kwenda Nairobi kuona treni na wanyama. Nilikuambia basi limeharibika, safari imefutwa. Siku ile nilikuwa likizo. Tulikuwa tumesimama kwenye njia ya panda tukingoja mtu wa maziwa, na basi likapita, limejaa watoto wa darasa lako, zima kabisa, likiwa limeoshwa. Nilingoja uniulize. Hukuniuliza kitu, mama. Uliwapungia mkono mpaka basi likapotea, kisha ukaniuliza kama mtu wa maziwa atachelewa. Ungelia ningejua la kufanya.

Basi mama yako alipopiga simu mwaka jana kusema sasa ana nyumba, ana kazi ya mchana, na anataka ukaishi naye na kusoma huko, mimi nilifurahi kwa ajili yake na nikaogopa kwa ajili yangu. Sikuogopa ukienda tu. Niliogopa uwanja wa ndege. Mtu anayetoka lazima aseme aliingia vipi. Na nilifikiri hivi: wakikutoa kama mgeni aliyekaa kupita muda wake, wataandika mahali fulani kwamba usirudi tena. Utakua huko, siku moja utataka kuja kumwona Cucu, na utahitaji kuomba ruhusa ya kuingia nyumbani kwenu. Labda utanyimwa. Hicho ndicho kilichonipeleka ofisi ya pasipoti. Sitaitaja ni ya mji gani.

Nilivaa suti. Foleni ilikuwa fupi, nikarudi nyuma mara kadhaa nikiwapisha watu mpaka mlinzi akaniuliza kama mimi ni wa kupanga foleni. Mwishowe nikafika mbele ya bwana mmoja mwenye sweta ya kijani.

"Mkubwa, nina rafiki yangu," nikaanza. "Huyu rafiki ana mtoto."

"Hongera zake."

"Mtoto ana pasipoti ya Marekani, yenye muhuri wa mgeni. Na muda wake uliisha."

"Uliisha lini?"

"Mtoto akiwa hajaanza kutembea."

Akaweka kalamu chini. "Na sasa anatembea?"

"Sasa yuko gredi ya nne, mkubwa."

Alinitazama, akatazama suti, akaitazama picha yako iliyokuwa ikichungulia kwenye mfuko wangu wa juu. Una masikio yangu, hilo huwezi kulificha.

"Huyo rafiki yako ni raia wa wapi?"

"Wa Kianjokoma."

"Na mama wa mtoto?"

"Wa Meru. Yaani Mkenya, mkubwa. Wote ni Wakenya."

"Basi mtoto wa rafiki yako ni Mkenya. Angezaliwa Marekani, angezaliwa mwezini, ni Mkenya. Hajawahi kuwa mgeni hapa hata siku moja. Mwambie rafiki yako alete cheti cha kuzaliwa cha huko, vitambulisho vya wazazi wote wawili, na atangaze kwamba mtoto ana uraia wa nchi mbili, asifiche. Atapewa pasipoti yetu na hiyo nyingine atabaki nayo." Akachukua tena kalamu yake. "Na umwambie aache kutetemeka. Anatikisa meza yangu."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, na suti yangu. Sikujua nicheke au nifanye nini. Ile kazi yote. Kikapu, cheti kilichokunjwa, Meru iliyovuliwa mabati, basi. Swali moja lilikuwa linatosha, na bwana yule alikuwa amekaa hapo miaka yote akingoja mtu amuulize.

Nilipeleka karatasi. Mama yako alituma zake. Kisha nikafanya kosa moja la mwisho, na hili ndilo hasa sitaki Cucu alijue. Aliniuliza serikali inataka nini tena, nami kwa kuwa nilikuwa na njaa na sikutaka kueleza mambo marefu, nikamjibu, "Wanataka ushahidi kwamba mtoto ni wetu."

Cucu alimaliza kuchambua maharagwe, akavaa kitambaa chake cha kanisani, akatoka.

Siku ya kuchukua pasipoti tulikwenda mimi na wewe peke yetu, unakumbuka, ulikuwa na gauni la njano. Bwana wa sweta ya kijani alitupokea vizuri. Alikuwa tayari ameishika pasipoti yako mkononi. Imechapishwa, imekwisha, nimeiona kwa macho yangu wakati wewe ukiangalia samaki kwenye tangi. Alikuwa ananinyooshea kalamu niweke sahihi. Ndipo tukasikia nyimbo.

Pikapu ya kubebea majani chai ilikuwa imesimama mlangoni. Wakashuka wanawake wa kanisa la Cucu, wote waliokuja siku ile ya kukuona, isipokuwa waliokufa, na waliokufa walikuwa wamewakilishwa na binti zao. Cucu alikuwa mbele. Mlinzi alijaribu kuuliza kama wana miadi. Mama Ireri, yule mwenye duka, akamwambia, "Mwanangu, tumetoka na asubuhi, hatujanywa hata chai," kana kwamba hilo ndilo jibu. Wakaingia. Mimi niliangalia kama kuna meza ninayoweza kuingia chini yake.

Bwana wa sweta aliwatazama wote, akanitazama mimi, kisha akafungua droo polepole na kuirudisha pasipoti ndani. Akafunga.

"Mama zangu, karibuni," akasema. "Niwasaidie vipi?"

"Tumeambiwa unataka ushahidi wa huyu mtoto," Cucu akasema. "Tumeuleta."

Hapo wewe uliona yaliyotokea, lakini hukuyaelewa yote kwa sababu walikuwa wanasema Kiembu kwa haraka na kupandana sauti. Kila mmoja alisimama akasema alichobeba siku ulipoletwa. Mmoja alileta ndizi za kuchemsha. Mmoja uji wa wimbi, akaeleza ulikuwa mzito kiasi gani. Mmoja alileta kuni kavu za mkahawa, na akasisitiza kavu mara tatu huku akimtazama Mama Ireri.

"Kwa nini unanitazama mimi?" Mama Ireri akasema.

"Sijamtazama mtu. Nimesema tu zangu zilikuwa kavu."

"Zilinyeshewa njiani. Mvua ya mwaka ule ilinyeshea kila mtu."

"Ilinyeshea kuni zako peke yake?"

Mabishano yalichukua muda kuliko ushahidi. Binti wa marehemu mmoja alisema mama yake aliugua macho hadi Krismasi kwa sababu ya ule moshi. Watu waliokuwa foleni waliacha kulalamika wakasogea karibu. Bwana wa sweta alikuwa anaandika. Baadaye nilichungulia. Alikuwa ameandika: kuni, kavu, kuni, mbichi (inabishaniwa).

Wa mwisho alikuwa yule bibi mzee jirani yetu, Cucu wa Nyaga, anayetembea na fimbo. Alisema yeye mwaka ule alikuwa amelazwa hospitalini, hakuja kumwona mtoto, hakuleta kitu, na hawezi kutoa ushahidi wa uongo mbele ya serikali. Kisha akamwashiria dereva. Dereva akaingia na mkungu mzima wa ndizi, akauweka juu ya kaunta.

"Hizo ni zake," akasema. "Nilikuwa na deni lake. Sasa nimemwona."

Bwana wa sweta alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akakuinamia wewe na kukuuliza kwa Kiswahili kama mwenyewe una la kusema. Ulifikiria. Kisha ukauliza, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "Kwani hizo kuni mbichi zilikuwa za nani?"

Hata Mama Ireri alicheka, hatimaye. Alicheka hadi akakiri.

Hapo ndipo bwana yule akafungua droo, akaitoa pasipoti kana kwamba imeiva sasa hivi, akasema ushahidi umetosha. Wakapiga vigelegele. Mpaka leo Cucu anaamini kwamba serikali ilikuwa imekataa na yeye akaishinda kwa kuni. Anawahadithia watu sokoni. Mwezi uliopita alikuwa Manyatta kwenye mazishi, na mwanamke mmoja akamwomba aende naye ofisi ya ardhi. Usimwambie kamwe kuhusu droo. Nakuomba kama unavyoombwa na mtoto wako.

Wakati wanarudi kwenye pikapu, bwana wa sweta alinivuta kando. Nilidhani sasa nimepatikana.

"Mimi nilizaliwa Nairobi, hospitalini," akaniambia. "Tulihamahama. Sijui ni nani alileta kuni." Akatazama mkungu wa ndizi juu ya kaunta yake. "Mwambie rafiki yako nimechukua chana moja."

Nimeyafikiria maneno yale mara nyingi nikiwa masijala nagonga mihuri. Kwa miaka yote niliamini muhuri mmoja, uliogongwa na mtu aliyechoka ambaye hata hakukutazama usoni. Na ushahidi mwingine wote ulikuwa jikoni, unafuka moshi, siku ile ile, na mimi nilijifungia chumbani nisiuone.

Sasa tuje kwenye kesho. Pasipoti zako zote mbili ni za bluu, hilo linanisumbua, na lilimsumbua Cucu pia. Ndiyo maana ameifumia ile ya Kenya koti la uzi, jeupe na jekundu, sawa na vitambaa vya viti vya sebuleni. Afisa atakuomba uivue, ivue kwa heshima, halafu uivishe tena mbele yake, kwa sababu Cucu ataniuliza. Kutoka hapa na kuingia hapa, ni ile yenye koti. Kuingia kule kwa mama yako, ni ile iliyo uchi. Wakikuuliza kama una nyingine, sema ninayo. Usikunje kitu. Mhudumu wa ndege atakayekushika mkono anajua yote haya, nimemweleza kwa simu mara tatu na naona ameanza kunikwepa. Tutapita vizuizi vyote vya polisi kutoka hapa hadi Nairobi, na nimeamua kwamba askari yeyote atakayeuliza huyu mtoto ni wa nani, nitamjibu kabla hajamaliza. Nimefanya mazoezi na ng'ombe.

Bahasha kubwa iliyo kwenye mfuko wa nje ina barua yangu ya kukuruhusu usafiri. Wakili ameigonga muhuri. Ndiyo barua pekee niliyowahi kuandika ambayo sikutaka ipokelewe.

Huko utakutana na mambo yatakayokuogopesha. Sijui ni yapi, mimi sijawahi kupanda ndege. Pengine mtakuwa darasani na mtu aseme neno, na kila mtu alielewe isipokuwa wewe. Pengine mtu atakuambia wewe ni wa mbali. Mimi nikiogopa, mwili wangu unanituma kufunika kitu majani na kukaa kimya. Nachelea nimekupa hilo pamoja na masikio. Ukiuona mkono wako unatafuta kikapu, mkumbuke yule bwana aliyekaa miaka yote akingoja mtu amuulize. Uliza. Wewe unajua kuuliza, ulishaonyesha mbele ya kaunta.

Cucu ananiita nije niangalie kama sanduku linafungika. Halifungiki. Nimalize na namna ya kunipata.

Usipige simu ya ofisini, inapokelewa na mkuu wa masijala na anaandika kila kitu. Piga yangu. Ukiamka kwenda shule huko, mimi nakaribia kutoka kazini, na nitakuwa nimesimama nje karibu na ukuta ambapo kuna mtandao. Kama yangu imezimwa, piga ya Cucu. Ataikata, kwa sababu bado anadhani kitufe chekundu ndicho cha kupokea. Piga tena, mara ya pili humpa Mama Ireri. Ukiandika barua, iandike kwa Cucu, usiilete ofisini. Ofisini nitaipokea mimi, nitaigonga muhuri kwa mazoea na kuiweka kwenye faili kabla sijajua ni yako.

Na siku ukiwa na jambo zito, na maneno yanakataa kutoka, usilifiche. Piga simu useme, Baba, nina rafiki yangu ana shida. Sema hivyo tu. Sitakuuliza jina lake. Nitajikunyata hapo karibu na ukuta, nitakuuliza huyo rafiki yako amekula, na amelala vizuri, na anataka nimwambie nini. Halafu utamwambia kwamba mlango wa jikoni kwa Cucu unafunguliwa kwa kusukuma, kama kawaida, na kuni ziko kavu.

Baba yako